Karakana ya baiskeli ya kujitolea Igombe: nianze kutoza, au nifunge kabla sijachukiwa?

Fundi Mashua (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Andiko ni refu. Mwenye haraka aruke mpaka mwisho kwenye maswali, ila akijibu bila kusoma nitamjua tu.

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi hapa Igombe, Ilemela, Mwanza. Siku za kazi mikono yangu iko kwenye mashine za wavuvi: plagi, propela iliyopiga jiwe, kabureta iliyokunywa maji. Jumamosi nageuka fundi baiskeli. Sikupanga iwe hivyo. Mwaka jana kamba ya kuwashia mashine ilinivunja vidole viwili, nikakaa nyumbani wiki tatu. Siku hiyo niko nje na ndala zangu, akapita mtoto wa jirani anasukuma Phoenix ya babu yake, ndiyo anayoendea sekondari. Kotapini ya kushoto, ile pini inayoshika kono la pedeli, imelegea, pedeli inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwelekeza, yeye akashika nyundo, mimi nikashika fremu kwa mkono mzima. Dakika kumi. Jumamosi iliyofuata wakaja wanne. Mwezi haujaisha shangazi akatupa kivuli cha mkuyu wake, jamaa mmoja muuza nyavu akatoa boksi la spana kuukuu, tukawa vijana sita, tukajiita kikundi. Bure kabisa. Unakuja na pancha, unaondoka bila pancha, tunakuambia karibu tena.

Kwa asiyezijua baiskeli za huku ufukweni: zina ugonjwa wao. Nyingi zinabeba samaki. Maji yanachuruzika kwenye tenga, yanashukia friwili (meno ya nyuma) na cheni, na yale ya kayabo, samaki wa kutiwa chumvi, ndiyo sumu yenyewe. Nyingine zinakatiza kwenye mchanga panapoanikwa dagaa, na mchanga ukishaingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, umekaribishwa nyumbani. Ukifungua habu ya nyuma ya mama wa dagaa unakuta grisi imekuwa uji wa ulezi wenye changarawe. Gololi zinatakiwa 9 kila upande, unakuta 6, na mbili kati ya hizo zimeshaota pembe (naongeza chumvi, lakini kidogo). Tunaosha kwa mafuta ya taa, tunapaka grisi mpya, tunafunga. Kazi hiyo naipenda kuliko hata mashine. Mashine ukiikosea unapigiwa simu saa nane usiku kutoka katikati ya ziwa.

Sasa niseme yanayonisumbua.

Kubwa ndilo hili. Pale njia panda yuko fundi baiskeli, mtu mzima, yupo pale tangu mimi nasoma shule ya msingi. Mwavuli, beseni la maji, pampu ya kukanyaga. Pancha mia tano, kunyoosha ringi elfu mbili au tatu kutegemea ilivyopinda. Watoto wake wamesomeshwa na pancha. Jumamosi, siku ya gulio, zamani hata chai alikuwa anakunywa imepoa. Siku hizi Jumamosi nikipita namkuta anacheza bao. Mwezi uliopita tulikutana msibani. Nikasema shikamoo, nikanyoosha mkono. Akanipa wa kushoto. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi na yeye.

Halafu kuna baiskeli yatima. Mtu anaacha anasema "narudi jioni". Jioni ya lini, hasemi. Ninazo 11. Moja ipo tangu Pasaka, kuku wa shangazi anatagia kwenye tenga lake. Vijana wanataka tuziuze tununue vifaa. Mimi naogopa: siku utakayouza ndiyo siku mwenyewe atakayotokea, na ndugu zake.

Spana ya 15 imepotea mara mbili. Nyingine zote zipo, hiyo tu ndiyo haikai, kwa kuwa ndiyo inayofungua pedeli na nati za gurudumu la nyuma. Namshuku mtu wa ndani na sipendi ninavyomtazama.

Na la mwisho. Mzungu mmoja, rafiki wa mteja wangu, alituletea baiskeli za mtumba 14, nyingine za Ulaya, nyingine za Japani zenye vikapu. Tulipiga vigelegele. Moja ringi yake ni "28", nikatuma kijana akanunue tairi la 28, la Phoenix. Lilivaa kirahisi mno, hata lisu la kupachikia tairi hakutumia. Alipojaza upepo tairi likachomoka pembeni, tyubu ikatokeza kama bigijii, ikalia. Shangazi alitoka ndani na mwiko. Mpaka leo yule kijana akishika pampu anafumba jicho moja.

Kwa hiyo nauliza: nitoze hela ili yule mzee aone tunashindana kwa haki? Nifunge? Yatima nizifanyeje? Na hayo matairi ya mtumba mnayapata wapi? Vijana sita wamebaki wawili na nusu. Nusu ni mdogo wangu, huyo anakuja kwa ajili ya chakula cha shangazi.

---

Kamata Fursa

Mkuu una tatizo moja tu, huruma. Weka bei. Pancha buku, sevisi elfu tano, kadi ya mwezi kwa wachuuzi. Mzee wa njia panda soko limemkataa, ndiyo biashara ilivyo, hata wewe kesho watakukataa. Hizo 11 piga bei ukae kimya. Nani atadai baiskeli ya tangu Pasaka?

---

Babu Spoku

Kamata Fursa, mwanangu, wewe hujawahi kushika tupa. Kaa kando kidogo.

Fundi Mashua, mimi nimetengeneza baiskeli Mabatini tangu kabla pikipiki za Kichina hazijajaa mjini. Enzi hizo vijana wa daladala za baiskeli walikuwa wananipangia foleni alfajiri. Kwa hiyo sikiliza, nazungumza kama yule mzee wako wa mwavuli, kwa sababu nimekuwa yeye.

Walikuja vijana wazuri tu, wa nyumba moja ya ibada, siitaji. Wakafungua kibanda cha bure mita mia kutoka kwangu. Mwaka mzima. Tulikuwa mafundi wawili pale, mwenzangu akahamia Igoma, mimi nikaenda kubeba mizigo stendi. Mwaka wa pili vijana wakaoa, mmoja akapata kazi mgodini Geita, kibanda kikafungwa kwa kufuli. Mtaa ukabaki hauna fundi wa bure wala wa kulipwa. Watu wakawa wanasukuma baiskeli mwendo mrefu kutafuta pancha. Nilirudi, lakini beseni langu nilikuwa nimeshaliuza, nikaanza upya kwa sufuria.

Wewe umebaki na wawili na nusu. Jiulize mwakani mko wangapi.

Sasa kwamba anakuchukia kwa ajili ya pancha, hapana. Pancha ni mia tano. Umefungua karakana puani kwake na hukumpigia hodi. Mkono wa kushoto ndiyo jibu la hodi uliyoisahau. Nenda. Usiende peke yako, mchukue mtu mzima wa upande wenu, mjomba au nani. Usipeleke maelezo mengi.

Na kutoza usitoze. Ukitoza buku wewe ni mshindani wake mwenye shangazi anayekulisha na boksi la spana la kupewa. Hiyo haki iko wapi? Fanya hivi: acha kutengeneza. Anayekuja na pancha mpe beseni, mpe msasa, mpe solusheni, mwambie asugue mwenyewe, wewe umsimamie. Mwanafunzi atasugua. Mama wa dagaa atasugua, tena atajifunza, keshokutwa atajizibia porini. Mwenye duka aliyevaa shati jeupe, aliyekuja kwako kuokoa mia tano, huyo hatasugua. Atakwenda njia panda kwa miguu yake mwenyewe, na hujamfukuza.

Kuna kazi pia ambazo hazifai kushikwa na mwanafunzi wa Jumamosi. Ringi ikishapiga nane, yaani imepinda kama namba nane, mwachie mzee. Phoenix ina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na kila moja ukiikaza inamvuta jirani yake, ni kama ukoo. Kijana atakaza, atakaza, mwisho ringi inakuwa yai. Kuchomelea fremu vilevile. Kukata uzi mpya kwenye kono la pedeli vilevile. Hizo ndizo zenye hela, hizo ni zake, na umwambie hivyo mbele ya mjomba.

Mkifunga habu mnapimaje? Mimi nilifundishwa hivi: inua gurudumu, lizungushe polepole, liachie. Vali, pale unapojazia upepo, ishuke yenyewe mpaka chini, uzito wa vali tu. Kama gurudumu linasimama popote, koni, ile nati inayobana gololi, umekaza mno, gololi zinakula bakuli lake. Kama linatikisika ukilishika pembeni, umelegeza. Fundi Mashua, najua nyie watu wa mashine mnapenda kukaza.

Na wafundishe hao watoto kwamba pedeli ya kushoto uzi wake ni wa kinyume. Kila karakana mpya inaharibu makono mawili matatu ndipo inakumbuka.

---

Fundi Mashua

Shikamoo mzee. Makono tumeharibu matatu. Umejuaje.

Hilo la hodi limenikalisha chini. Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza nimemkosea nini, nikidhani ni hela, kumbe hata siku moja sijawahi kwenda kukaa kwenye benchi lake. Mtoto wa Igombe mimi, na alishaniziba pancha nikiwa na baiskeli ya kwanza. Mjomba yupo Kayenze, nitamfuata Jumapili.

Kamata Fursa, ahsante, lakini hapana.

---

Mdau wa Kata

Ndugu, mbona hamjasajiliwa? Andikeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, mpitie kwa mtendaji wa mtaa halafu afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkisajiliwa mnaweza kuomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba.

---

Fundi Mashua

Kusajili nimekubali, hata kwa ajili ya heshima tu. Mkopo hapana, ndugu yangu. Usipokuwa na riba bado ni mkopo. Karakana ya bure nitarejesha kwa pancha gani?

---

Mama Nansio

Habari zenu wana Mwanza. Mimi niko Ukerewe, na huku spea zetu zinakuja kwa meli, kwa hiyo spana ikipotea hatusemi "tutanunua nyingine kesho". Niliendesha karakana kama yako nyuma ya nyumba miaka mitatu, na wengi waliokuwa wanashika spana ni wasichana wa sekondari, niliwapenda kwa sababu wanarudisha kitu mahali pake.

Spana. Chukua kipande cha plaiwudi, tundika spana zote kwa misumari, kila moja ichore pembezoni kwa rangi nyeupe. Spana ikitoka, kivuli chake kinabaki kinakutazama. Sheria yetu ilikuwa hivi: saa kumi na moja jioni hakuna anayenawa mikono mpaka ubao umejaa. Usimtafute mwizi. Hakuna atakayesema "wewe umeiba", watasema "ubao haujajaa", na wote watachelewa kwenda nyumbani, na watu wenye njaa ni wapelelezi wazuri sana. Spana ya 15 nunua mbili, moja uichomelee mnyororo kwenye nguzo. Ile ya mnyororo kwangu haikuwahi kuondoka, ingawa nguzo iliwahi kutikiswa.

Yatima. Usiuze! Kwanza nikuulize, hao waliokuacha na baiskeli ni kina nani? Kama ni wavuvi wa dagaa, unawasubiri Jumamosi ya nini? Mtu wa dagaa anaishi kwa giza. Mwezi ukiwa mdogo yuko ziwani na taa zake, mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, ndipo anarudi nyumbani kulala na kukumbuka vitu vyake. Mimi niliwahi kukaa na baiskeli miezi minne, kumbe mwenyewe yuko kambini kisiwani. Alikuja usiku wa mbalamwezi na furushi la dagaa, akaniambia, "Dada, nilijua iko salama." Ningekuwa nimeiuza ningejificha wapi, Ukerewe ni kisiwa.

Kwa zijazo, kata kadi za boksi, andika namba ileile pande mbili, kipande kimoja kwenye baiskeli, kingine kwa mtu. Jina, simu, tarehe, na maneno "siku 60", aweke sahihi mwenyewe. Kwa hizo 11, andika orodha pamoja na namba ya fremu. Imegongwa chini pale ekseli ya pedeli inapopita, au kwenye bomba la kiti, sugua kutu utaiona. Ipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, ibandikwe, itangazwe msikitini na kanisani na kwenye gulio. Nakala moja polisi, maana katika 11 haikosi moja ambayo aliyekuachia naye si yake.

Kuku mwache amalize kuangua.

---

Mkenya wa Dunga

Majirani wa ziwa, hamjambo. Niko Kisumu, hapa Dunga. Hiyo stori ya tairi kuchomoka imenichekesha juu hata mimi imenipata, tena mbele ya wageni.

Shida ni kusoma "26" na "28". Hizo namba ni za kuuza tu. Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo mbili zimetenganishwa na kistari, kama 37-622. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia, na hiyo ndiyo hutakiwi kukosea hata kidogo. Phoenix yenu, ile 28 kwa moja na nusu, ni 635. Baiskeli ya Ulaya wanayoiita 28 ni 622. Tofauti milimita 13. Tairi kubwa kwa ringi ndogo litaingia kama gunia, ukijaza upepo linatoka, ndivyo kijana wako alivyoshtuliwa. Kinyume chake haliingii hata ukaite ukoo mzima.

26 nayo ni vilevile. Baiskeli za maunteni ni 559. Hizo za Japani zenye kikapu mara nyingi ni 590. Zote zimeandikwa 26.

Habari njema: 622 ni sawa na matairi yaliyoandikwa 700C, yale ya baiskeli za mashindano na za kisasa, hayo kwa mji kama Mwanza hayakosi. 590 ndiyo mtihani. Kama zimekosekana kabisa, fundi mzuri anaweza kung'oa spoku akaifunga habu ileile kwenye ringi ya 559, kwa spoku fupi zaidi. Ila angalia breki. Za Japani nyingi breki ya nyuma inashika kwenye habu, hiyo haijali ringi. Ya mbele inashika ringi, na ringi ikiwa ndogo viatu vya breki vinabaki vinaning'inia hewani, vinakamata tairi. Usimpe mtu baiskeli hivyo, na huko kwenu na vilima vya mawe.

Vali pia. Za Japani ni zile za mpira mdogo kama za Phoenix, kwa hiyo pampu yenu itafanya kazi. Za Ulaya zimechanganyika.

Na mtu asidharau baiskeli hapa. Boda boda yenyewe, jina na kazi, ilianza na baiskeli pale Busia mpakani, pikipiki zilikuja kuikalia tu.

---

Fundi Mashua

Wakuu, narudi na mrejesho, Jumamosi ya nne tangu niandike.

Nilikwenda njia panda na mjomba siku ya Jumatatu, makusudi, siku isiyo ya gulio. Mjomba akabeba kilo mbili za sukari, mimi nikabeba aibu. Tulimkuta anaziba pancha. Hakuinuka. Tukakaa kwenye benchi. Mjomba akaanza habari za mvua, za bei ya sato, za daraja la Kigongo–Busisi kwamba sasa mtu anavuka kwenda Sengerema bila kungoja kivuko, na mzee anajibu neno mojamoja huku anasugua tyubu. Karibu nusu saa. Mimi sijafungua mdomo. Alipomaliza akaitia tyubu kwenye beseni, akatazama kama inatoa mapovu, haikutoa. Akafuta mikono. Akaniuliza mimi, si mjomba: "Jumamosi mnaanza saa ngapi?"

Nikasema saa tatu.

"Mnachelewa."

Alikuja saa mbili. Kabla ya salamu alizunguka baiskeli tulizokuwa tumezimaliza wiki iliyopita, akainua gurudumu moja moja, akaliachia. Babu Spoku, ile ile ya vali! Katika saba, tano hazikushuka. Akanitazama. "Wewe ni wa mashine," akasema, "unakaza kama unafunga propela." Tukafungua zote tano mbele ya vijana wangu. Sijawahi kuona haya na raha kwa wakati mmoja namna hiyo.

Tulivyokubaliana: ringi, kuchomelea na nyuzi za makono ni za kwake, tunamwandikia mtu karatasi tunamtuma njia panda, bei ni yake. Chini ya mkuyu kila mtu anachafua mikono yake mwenyewe. Tumeweka kopo, anayetumia vifaa anatia mia tano kama anayo, mwanafunzi hatii. Kutoka kwenye kopo tunampa mzee elfu kumi ya Jumamosi kwa kufundisha. Jumamosi ya kwanza kopo lilikuwa na elfu sita na mia tano, shangazi akaongezea na kusema tusizoee. Jumamosi hii lilikuwa na elfu kumi na moja. Wachuuzi wawili wakubwa walikasirika kuambiwa wasugue wenyewe, mmoja akaondoka akiongea peke yake. Nilimwona baadaye amekaa chini ya mwavuli njia panda anakunywa soda, baiskeli yake imepinduliwa.

Vijana wamekuwa watano. Wamemfuata mzee, si mimi, na sioni wivu, au naona kidogo.

Yatima: Mama Nansio, ulichosema kuhusu mbalamwezi nilidhani ni utani. Mwezi ulipojaa wamekuja watatu ndani ya siku nne. Mmoja ni yule wa Pasaka. Kuku alikuwa bado hajaangua, ikabidi tuhamishe mayai kwenye ungo, kuku akasusa, sasa shangazi ananidai vifaranga. Moja namba yake ya fremu imefanana na taarifa iliyokuwa polisi, imechukuliwa. Saba zilizobaki zimebandikwa ofisi ya mtaa.

Ubao tumetengeneza, na spana ya 15 ya mnyororo ipo kwenye nguzo. Ya zamani imerudi. Jumapili ya pili baada ya kuchora vivuli nimeikuta imetundikwa mahali pake, imeoshwa kwa mafuta ya taa, inang'aa kuliko nilivyoinunua. Sikuuliza.

Kilichobaki ni matairi. Za Ulaya tumezimaliza kwa 700C, wabeja sana mtu wa Dunga. Za Japani nne zimekaa hazina viatu. Natafuta 37-590, yaani 26 kwa 1⅜, manane, hata yaliyotumika ilimradi ubavu haujapasuka. Mzee anasema kufunga ringi ya 559 anaweza, ila breki ya mbele hataki kusikia, ana mjukuu anayeshuka kilima na baiskeli. Aliyeko mjini akiyaona anijulishe hapahapa.

---

Babu Spoku

Marahaba. Mwambie huyo mzee nitakuja kumwona. Tutapima vali pamoja.

---

Kamata Fursa

Mkuu, kesho nina safari ya Makoroboi mjini, nitakuulizia hayo 590. Nauli utanirudishia lakini, mimi sina mkuyu wala shangazi.